Pipa la Padri Ottavio

Sogeeni niwasimulie, hukumu nitawaachia ninyi.

Huko Hombolo, kwenye mashamba ya zabibu, walikuwako wanawake watatu: Mbeleje, Matika na Sechelela. Mvinyo mwekundu wa Mbeleje ulikuwa mchachu, wa kuamsha ulimi. Wa Matika, aliyelima na mwanawe mgongoni, ulikuwa laini, ukinukia zambarau zilizoiva. Sechelela hakuwa na mzabibu hata mmoja, lakini kwa kupika mbuzi hakuwa na mpinzani.

Aliyewafundisha Mbeleje na Matika kutengeneza mvinyo ni padri mzee, Ottavio, aliyekuja kutoka Italia na pipa la mbao la baba yake. Mwaka huo akaugua. Homa ikaondoka, hamu ya kula isirudi. Mganga wa zahanati akawaambia wazi kwamba asipokula hatafika mavuno.

Mbeleje akampelekea chupa aliyoiweka kwa harusi ya bintiye. Padri akaonja, akakunja uso.

Matika, ambaye hakuwa na pipa, akapeleka mvinyo wake wa mwisho ambao joto lilikuwa halijauharibu kwenye ndoo. Padri akatabasamu kwa adabu, basi.

Sechelela akachinja mbuzi wake wa maziwa, akapika mbavu kwa nyanya. Padri akameza tonge moja, akasema mafuta yamemkaa kooni.

Matika alikuwa akinyonyesha mlangoni. Akamwona mzee anavisogeza vikombe viwili vya mvinyo wao vikaribiane, anavitazama tu. Akakumbuka maneno yake ya zamani: kwao zabibu ya aina moja haiendi mezani peke yake, na mvinyo hausifiwi kabla ya chakula. Akawanong'oneza wenzake. Mbeleje, mwenye ulimi wa kipimo, akachanganya mvinyo wake na wa Matika. Sechelela akapasha mbavu moto.

Uchachu ukakata mafuta, ulaini ukatuliza uchachu, nyama ikavipa vyote kazi. Padri akala, akanywa, akala tena.

"Mama, umebaki mfupa?" akauliza.

"Baba, utakula na sufuria," akasema Sechelela, huku akifuta machozi.

Padri alipopata nguvu akataka kumpa mmoja wao pipa lile, shukrani yake.

"Mtu hashibi mvinyo," akasema Sechelela.

"Na nyama yako ilimkwama, dada," akajibu Mbeleje.

Matika alilitamani mno pipa, lakini mbuzi aliyechinjwa hakuwa wake, wala chupa ya harusi.

"Mimi nimeshiba," akasema Padri. "Amueni wenyewe."

Hawajaamua mpaka leo. Je, wewe ungempa nani?