Saumu ya Mpokea Wageni

Wazee wetu wa imani, Mungu awarehemu, wametuachia habari za mtawa mmoja aitwaye Serapio, aliyeishi zamani za kale katika nyumba ya watawa huko Misri ya juu, pale mashamba ya mtoni yanapokoma na jangwa kuanza. Wasema alikuwa mcha Mungu wa kweli, mpole, mchapakazi, wala hakupata kumvunjia mtu heshima. Ila alikuwa na jambo lake moja: alifunga kuliko watawa wote. Wenzake walipokula mkate jioni, yeye aliuruka leo, akauruka na kesho, na keshokutwa akatafuna kipande kwa chumvi, basi. Habari zake zikavuka jangwa. Watu wakaja kwa punda na ngamia wamwone tu huyo aliyekonda kwa ajili ya Bwana, na walipoyatazama mashavu yake yaliyobonyea walitikisa vichwa wakisema, "Utukufu kwa Mungu!" Serapio aliinamisha macho kwa unyenyekevu, lakini masikio aliyaacha wazi.

Mkuu wa nyumba ile aliitwa Abba Talasi, mzee wa maneno machache asiyepitwa na jambo. Alimpenda Serapio kama mwanawe wa kumzaa, na kwa kuwa alimpenda, alimhofia. Basi mtawa aliyekuwa akipokea wageni alipozidiwa na uzee, Abba alimwita Serapio akamwambia, "Mwanangu, tangu leo wewe ndiwe mpokea wageni wetu."

Serapio akashtuka. Maana katika nyumba ile kulikuwa na desturi: mgeni haachwi ale peke yake. Mpokea wageni huumega mkate, nusu humpa mgeni, na nusu huila yeye mbele yake, hata kama wageni watakuja mmoja baada ya mwingine kutwa nzima. Watawa wale waliamini kwamba kila abishaye hodi ametumwa na Bwana. Basi vipi umwache mjumbe wa Bwana ale peke yake kama mfungwa?

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "na saumu yangu?"

"Ni yako, mwanangu? Nilidhani ni ya Bwana." Abba akatabasamu. "Nenda ukale."

Serapio akatii kwa miguu, moyo ukabaki nyuma. Na kwa kuwa binadamu hakosi hila, hata akiwa mtawa, akajibunia njia. Mgeni alipoketi, yeye aliumega mkate, akaupeleka mdomoni, akatafuna hewa kwa bidii, na kipande chenyewe akakiteremsha polepole ndani ya mkono wa kanzu yake. Mgeni akishaondoka, alikwenda zizini akamkung'utia punda wa nyumba. Hivyo amri ikatimizwa, saumu ikasalimika, na punda akashukuru.

Siku za mwizi ni arobaini, na za Serapio hazikufika hata huko. Siku moja Abba alipita zizini, akasimama, akampapasa punda ubavuni. "Ajabu," akasema, kana kwamba anazungumza na ukuta. "Punda wetu amenawiri hasa, nami sijamwona akimpokea mgeni hata mmoja." Serapio, aliyekuwa karibu akifagia, alimeza mate, na hayo ndiyo pekee aliyoyameza siku ile.

Kwa nini hakuacha? Kwa sababu alikuwa ameletewa habari kwamba waumini wakubwa wa mjini, wakiongozwa na mfanyabiashara wa kitani aitwaye Kirilo, wamo njiani kuja kumwona mfungaji mashuhuri na kuomba baraka zake. Wakimkuta amenawiri, mashavu yamejaa, jina lake alilolijenga kwa miaka mingi litaanguka siku moja. Alijiambia, wapite hawa kwanza, kisha nitatubu.

Siku yenyewe ilipofika, mgeni wa kwanza hakuwa Kirilo. Alikuja mwanamke mmoja kwa miguu, vumbi hadi magotini, na kifurushi kichwani. Aliitwa Tekla, mjane, na alikuwa akienda kwa binti yake aliyekaribia kujifungua mtoto wa kwanza. Tangu jana yake hakuwa ametia kitu kinywani. Serapio akamkaribisha, akamnawisha mikono, akaleta bakuli la dengu za moto zilizoungwa kwa mafuta. Akaumega mkate, akampa nusu yake, na nusu ya pili akaanza kuifanyia mchezo wake wa kila siku.

Tekla alichovya tonge, akaliinua, kisha akalirudisha.

"Mbona huli, mama? Chakula hakikupendezi?"

"Chanipendeza, baba. Harufu yake tu imenitoa mate." Akatazama chini. "Lakini naona mkate wako unaingia kwenye mkono wa kanzu. Si neno. Hata kwetu, mtu asiyetaka kula na maskini hufanya vivyo hivyo ili asimwaibishe. Mimi nimezoea. Nipe maji, baba, ninywe niende zangu."

Akaanza kukaza fundo la kifurushi chake. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Serapio. Mama wa watu, na njaa yake, na safari yake, alikuwa tayari kuondoka bila kula kwa sababu ya mtawa anayelinda sifa. Wakati huohuo njuga za ngamia zikasikika langoni. Kirilo na watu wake walikuwa wamefika.

Serapio akautazama mlango, akamtazama mjane. Kisha akaukung'uta mkono wa kanzu, vipande vya mkate vikamwagika mkekani.

"Keti, mama yangu, nakuomba. Sikukudharau wewe. Nilikuwa naogopa kwamba watu wataacha kunisifu. Unisamehe."

Akachovya mkate katika dengu, akala. Miaka mingapi ulimi wake haukuonja mafuta! Machozi yakamlengalenga.

"Mama," akasema, "kumbe dengu ni tamu hivi!"

"Ala! Baba, ulikuwa ukiishi wapi?" Tekla akaangua kicheko, akafungua kifurushi, akatoa kitunguu, wakagawana. Wakawa wanapangusa bakuli kwa mkate pale wageni wa mjini walipoingia.

"Twamtafuta Serapio, mfungaji mkuu," alisema Kirilo.

Ingekuwa rahisi kusema hayupo. Mdomo wa Serapio ulikuwa umejaa, na kutafuna kukampa nafasi ya kufikiri. Akameza, akafuta mafuta ndevuni, akasimama. "Ndiye mimi, ndugu zangu. Karibuni, mmefika wakati mwema, dengu chunguni hazijaisha."

Wakatazamana. "Tumelivuka jangwa lote," akanong'ona mmoja wao, "tuje kumwona mtu anayetafuna kitunguu?" Kirilo aligeuka akatoka bila kuaga, na wengi wakamfuata. Wachache waliokuwa na njaa kweli wakaketi, naye Serapio akala nao, kisha akala na wachunga ngamia walioachwa nje. Tekla akafungiwa mkate wa njiani, akamwombea mwenyeji wake kheri, akashika njia akiimba.

Jioni Abba Talasi alimkuta ameketi kizingitini, ameshika tumbo. "Umeshindaje, mwanangu?"

"Tumbo laniuma, Baba, na sifa yangu yote imeondoka na ngamia wale."

"Wasikitika?"

Serapio akawaza kwanza, asije akadanganya tena. "Asubuhi ningelia. Sasa nataka kucheka. Baba, miaka yote ile sikufunga mimi; nilikuwa nashiba macho ya watu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimefunga."

Abba akacheka hadi akakohoa. "Basi kesho funga tena," akasema. "Kuna msafara mkubwa unakuja."

Ndugu yangu, wengi wetu hupenda kumtolea Mungu kile tunachokiweza sana, kwa kuwa ndicho kitakachoonekana. Naye kwa rehema zake hutuomba kitu kingine, kidogo, cha kutuchekesha pengine, ambacho hakuna atakayetusifu kwacho. Neema haikumjia Serapio kwa ngamia wa Kirilo, ilimjia kwa miguu, ina vumbi na ina njaa. Mola atupe moyo mwepesi wa kumtii, na furaha ya kuwa si kitu mbele za watu ilimradi sisi ni wake.