Kilicho Chini ya Kikombe

Paukwa!

— Pakawa!

Sahani!

— Ya mgeni.

Kikombe!

— Cha mgeni.

Na kilicho chini ya kikombe?

— Hatukijui.

Basi sogeeni karibu, na anayetafuna atafune taratibu, tusikilizane.

Hapo kale palikuwa na mji wa Kitopeni, mji wa njia panda, wasafiri wakishusha mizigo na kupumzisha punda. Katikati ya mji palikuwa na mkahawa wa Bi. Sikitu. Chai, mahamri na mbaazi za nazi. Kingine hakikuwapo, wala hakuna aliyekiulizia.

Mkahawa ule ulikuwa na desturi yake. Chakula kililipwa kwa Bi. Sikitu mwenyewe, mlangoni. Bakshishi ya mtumishi haikupita mlangoni. Mgeni akimaliza kula, aligeuza kikombe chake, akakifudikiza juu ya kisahani, na chini yake akaacha alichoacha. Kikubwa, kidogo, au hewa tupu. Mtumishi hakukifunua mpaka mgeni avuke kizingiti. Na alichokikuta hakumwambia mtu. Hakumwambia mama, hakumwambia mume, hakumwambia shoga.

Mtazamo wenu unaniuliza: kwa nini? Kwa sababu mtumishi wa zamani, Saumu, aliwahi kusema. Alitaja wageni wawili tu, nani katoa nini. Wale wawili wakashikana mashati mpaka vikombe kumi na viwili vikavunjika. Saumu akafukuzwa kabla vigae havijafagiliwa. Tangu siku ile Bi. Sikitu aliweka neno moja: la chini ya kikombe halisemwi.

Mtumishi wa siku hizi ninazosimulia aliitwa Zamda. Kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia. Zamda alianza kazi asubuhi, akasimama mpaka alasiri. Lakini siku ya Ijumaa, wageni wakishapungua, Zamda alivuta kiti, akaketi kama wageni wanavyoketi, akanywa chai, akala mahamri mawili. Watu walidhani ni zawadi ya Bi. Sikitu. Hakuna aliyeuliza.

Na kila Ijumaa walikuja wageni wawili, mume na mke. Mume alikuwa Mzee Mbaruku, fundi wa mizani. Mizani yote ya soko la Kitopeni ilipita mikononi mwake. Alijua uzito wa karafuu, alijua uzito wa shaba, alijua hata uzito wa uongo wa muuza nyama. Mke wake alikuwa Bi. Nunu. Kabla ya kutoka nyumbani, Bi. Nunu alichuma jani moja la mrehani uani, akalifunga katika pindo la kanga. Mzee alidhani ni la kunukia. Wakishakula, Mzee alitangulia mlangoni kulipa, na nyuma yake Bi. Nunu akageuza kikombe. Hivyo kwa miaka ishirini na miwili.

Kisha Bi. Nunu akafa.

Aliugua siku tisa. Akazikwa, akasomewa hitima, arobaini ikapita. Mrehani ukaanza kunyauka, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuumwagia maji.

Ijumaa moja Mzee Mbaruku akavaa kanzu, akaenda mkahawani peke yake.

"Shikamoo, baba," Zamda akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Zamda akaleta chai, mahamri mawili na bakuli la mbaazi. Mzee akala. Akafika mwisho. Akatazama kikombe.

Kiasi gani?

Alijua uzito wa kila kitu sokoni, hakujua uzito wa kile mke wake alichokiacha pale kila Ijumaa mgongoni pake. Na alitaka kufanya kama alivyofanya mkewe. Kwa Nunu mambo mengi yalikuwa yamekwisha. Hili moja hakutaka liishe. Siku ile akanyanyuka bila kugusa kikombe, akasema atarudi, akaenda kuuliza watu.

Akamuuliza Feruzi, tajiri wa ngozi.

"Bakshishi?" Feruzi akacheka. "Toa mpaka watu wageuze shingo! Weka riale ya fedha. Mkono mdogo ni wa mtu mdogo, mzee wangu."

Ijumaa ya kwanza baada ya hapo Mzee akaweka riale chini ya kikombe. Lakini riale ni kubwa, jamani! Kikombe kikakaa upande kama kofia ya mlevi, na fedha ikameta mkahawa mzima ukaiona.

"Riale!" akasema mmoja.

"Arobaini haijakauka!"

"Huyo si mgeni tena, huyo ni mposaji. Zamda, utakuwa mama wa mizani!"

Zamda akainama akafuta meza ambayo ilikuwa safi. Kabla ya magharibi riale ilikuwa imerudishwa nyumbani kwa Mzee, imefungwa katika kitambaa. Na Zamda, siku ile, hakuketi.

Mzee akamuuliza Mwalimu Shangwe, msomi wa hesabu.

"Fungu la kumi," Mwalimu akasema. "Chakula chako senti ngapi?"

"Saba."

"Basi toa saba ya kumi ya senti."

"Senti haikatiki, Mwalimu."

Mwalimu akafikiri. "Basi kula Ijumaa kumi, halafu mpe senti saba kamili."

"Na yeye katika Ijumaa hizo kumi ale nini?"

"Hilo," akasema Mwalimu, "si swali la hesabu."

Ijumaa ya pili Mzee akaweka senti moja, maana ndiyo ndogo kuliko zote. Hesabu ilimkaa kichwani tangu alipoketi hadi aliponyanyuka, akafika nyumbani hakumbuki kama mbaazi zilikuwa na chumvi. Zamda akaichukua senti, akaitia katika pindo. Hakuketi.

Mzee akamuuliza jirani yake, Mshindo, msuka kamba.

"Usimpe kitu," Mshindo akasema. "Analipwa na mwenye mkahawa. Wewe ukitengeneza mizani ya bucha, mnunuzi wa nyama anakupa nini? Hakupi hata mfupa!"

Mzee aliona neno lile lina uzito. Ijumaa ya tatu akafudikiza kikombe kitupu, akalipa, akavuka kizingiti. Akasikia kikombe kikifunuliwa. Kisha sauti ya Zamda, ile ile ya siku zote: "Karibu tena, baba."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Karibu ile ilimchoma. Mzee akageuka, akarudi ndani, akasimama mbele ya Zamda.

"Mwanangu, nisaidie. Nunu alikuwa akiacha kiasi gani?"

Zamda akatazama mlangoni. Bi. Sikitu alikuwa pale, na Bi. Sikitu ana masikio.

"Baba, la chini ya kikombe halisemwi."

"Ni mke wangu."

"Najua, baba."

"Amekufa, Zamda. Siri ya maiti inamdhuru nani?"

"Inanidhuru mimi, baba. Saumu alisema, na hata leo hana kazi."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akageuka kwenda. Zamda akamtazama mgongo, ule mgongo ambao kwa miaka yote ulitangulia mlangoni. Kisha akamwita Bi. Sikitu.

"Mama, Ijumaa ijayo naomba ruhusa. Sitaki kutumikia."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka kuwa mgeni. Nitaketi pale alipokuwa akiketi Bi. Nunu, na nitalipa kama wageni."

"Na nani atabeba sinia?"

Zamda akamnyooshea mkono Mzee Mbaruku.

Mkahawa ukaangua kicheko. Bi. Sikitu hakucheka. Alikuwa mwanamke wa kufikiri. Alimtazama Zamda, akamtazama Mzee, akaelewa, au akaelewa nusu yake.

"Mgeni siku mbili," akasema, "ya tatu mpe jembe. Mzee Mbaruku, umegeuza kikombe Ijumaa tatu. Njoo ubebe sinia."

Mwasikia? Haya.

Ijumaa ya nne Mzee akafika mapema, akakunja mikono ya kanzu. Fundi wa mizani, mkono wake haujawahi kutetemeka. Sinia ya kwanza ikamshinda.

"Wewe mpya! Sukari!"

"Mzee, chai yangu ina kidole chako!"

"Hamri langu limekwenda kwa huyu, na huyu amelila!"

Huku anaitwa, kule anaitwa, na pale anaitwa. Akamtumikia Feruzi. Feruzi akarusha riale mezani, kla! Shingo zote zikageuka, na Mzee akatamani ardhi ipasuke. Akamtumikia Mwalimu Shangwe. Mwalimu akaandika kwa kidole juu ya meza, midomo ikicheza, wala hakuinua macho kuona ni nani aliyemletea chai. Akamtumikia Mshindo. Mshindo akala, akapangusa ndevu, akapita mbele yake kama mtu apitaye nguzo. Aisifuye mvua imemnyea. Mzee yeye hakusifu wala hakulaumu. Magoti yalikuwa yakimuuma.

Mwisho akafika meza ya Zamda.

"Karibu, mwanangu. Nikuletee nini?"

"Chai, baba. Na mahamri mawili."

Akaleta. Zamda akala bila haraka. Alipomaliza akafungua pindo la kanga yake, na Mzee, aliyekuwa amesimama na sinia, akaona mikono ya Zamda ikifanya jambo alilokuwa akiligeuzia mgongo miaka ishirini na miwili. Kikombe kikageuzwa. Kikakaa sawasawa juu ya kisahani, bila kuinama, bila sauti. Zamda akaenda mlangoni, akalipa, akavuka kizingiti.

Neno hakusema. Mgeni ana haki ya kuacha anachotaka, na Zamda siku ile alikuwa mgeni.

Mzee akafunua kikombe.

Mimi si mtumishi wa mkahawa ule, kwa hiyo ninaruhusiwa kusema. Palikuwa na jani moja bichi la mrehani, na juu ya jani palikuwa na senti tatu.

Mzee akaliinua jani, akalinusa. Watu walimwita kwa sukari, na mara hii hakuna aliyejibiwa.

"Sikitu," akasema mwishowe, "chai moja na mahamri mawili ni senti ngapi?"

"Leo ndiyo unauliza? Miaka yote hii! Chai senti moja, mahamri mbili. Tatu."

"Tatu," Mzee akasema. "Ndiyo maana Zamda alikuwa akiketi."

Bi. Sikitu akajipiga paja polepole. "Na mimi nikisifiwa kwamba namlisha," akasema. "Wala sikukana."

Mzee akampa zile senti tatu. Akavuta kiti, magoti yakalia, akaketi. Bi. Sikitu mwenyewe akamletea chai na mahamri mawili. Akala yote, na safari hii alijua ladha yake.

Jioni ile aliumwagia mrehani maji. Matawi yalikuwa yamekauka, lakini shinani palikuwa na chipukizi mbili. Akaumwagia na kesho yake, na keshokutwa.

Watu wa Kitopeni wakamjia. "Mzee, umejua. Tuambie basi, mtu atoe kiasi gani?"

"Kutoa ni moyo," akawajibu. "Lakini kabebeni sinia Ijumaa moja, kisha mniulize tena." Wengine walibeba. Wengine mpaka leo wanauliza.

Ijumaa iliyofuata Zamda alikuwa na sinia yake. Mzee akaja na jani moja, amelifunga katika ncha ya kitambaa. Akala mbaazi, zilikuwa na chumvi ya kutosha. Akageuza kikombe. Akaenda mlangoni, akalipa, akavuka kizingiti.

"Karibu tena, baba."

"Nimekaribia, mwanangu."

Akatembea hatua tatu, akasimama barabarani. Hakugeuka nyuma. Alisikiliza tu.

Nyuma yake, ndani ya mkahawa, kiti kikavutwa.

Sahani imeoshwa!

— Imeoshwa.

Meza imefutwa!

— Imefutwa.

Mimi nilipita pale nikapewa chai, nikaja kuwaambia nyinyi. Iliyokuwa tamu, nendeni nayo. Iliyokuwa chungu, niachieni mimi. Na kilicho chini ya kikombe?

— Hakisemwi!