Darubini ya Sita

Tarehe tisa mwezi huu, saa kumi na dakika ishirini jioni, tulimpoteza dada yangu Veneranda. Nimeombwa nisiseme kwa hasira. Basi nianze mbali, kwenye nyota.

Kulikuwa na mtaalamu mmoja wa nyota. Alikuwa na darubini sita, zimetawanywa mlima mzima. Darubini moja peke yake huiona nyota kama nukta. Lakini mwanga wa zote ukikutanishwa katika chumba kimoja, sura ya nyota huanza kuonekana. Sharti ni kwamba mwanga wote uingie pamoja. Ule wa karibu hufika mapema, kwa hiyo huzungushwa kwenye vioo ili uusubiri wa mbali.

Darubini ya sita ilikuwa mbali kuliko zote, ukingoni mwa korongo. Aliyeitunza alikuwa fundi mmoja, mama mtu mzima. Kila siku alipanda kwa miguu kwenda kufuta vioo vyake, magoti yakimuuma. Naye alijua hivi: kadiri darubini zinavyoachana, ndivyo zinavyoweza kuona vitu vidogo zaidi.

Mtaalamu alikuwa na haraka. Mkutano mkubwa ulikaribia, na kuusubiri mwanga wa mbali kulimchosha.

"Mama, hiyo ya kwako tunaizima. Tano zinatosha."

"Bosi, hiyo ndiyo inayoona kitu chembamba. Vipimo vya mwezi jana vinaonyesha nyota ile ina mwenzake ubavuni."

"Wewe futa vioo, mama. Kuona tuachie sisi."

Mama akaondoka, lakini moyo haukutulia. Akarudi mara ya pili. Akarudi mara ya tatu. Akaambiwa, tumesikia.

Picha ikatoka: nyota moja, duara, safi kabisa. Watu wakapiga makofi. Mwezi haukuisha, wataalamu wa mlima mwingine wakaonyesha ya kwao: nyota mbili zimekumbatiana. Aibu gani hiyo! Yule bwana akapanda mbio hadi korongoni, anahema.

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara tatu, bosi. Ya tatu ulikuwa unakunywa chai. Hata kikombe hukukiweka chini."

Mnacheka? Chekeni.

Nani hapa kigangoni alikaa benchi la mwisho la kanisa, kule ukutani? Nani aliuona ufa mwembamba kama unywele, wakati sisi tumeupa ukuta huo mgongo? Veneranda alikuja mbele ya kamati ya ujenzi mara tatu. Mimi, katekista wenu, nilikuwa kwenye meza hiyo. Tulimjibu nini? "Tumesikia, mama, wewe endelea kufagia." Nani kati yetu alisimama akaenda kuangalia? Ni hatua ishirini. Nimezipima kwa miguu yangu, baada ya kumzika.

Yule mtaalamu aliharibikiwa jina tu. Kwetu ukuta ulimwangukia yule yule aliyetuonya, ufagio mkononi.

Na asije mtu hapa kuniambia ni mapenzi ya Mungu. Mungu alitutuma mtu, mara tatu, na sisi tukamrudisha nyuma.

Ee Bwana, mpokee Veneranda, mtumishi wako. Kwetu alikaa nyuma. Kwako mketishe mbele. Na akisema neno, Bwana, asikilizwe. Amina.