Korongo na Taarifa ya Mtama

Paukwa?
Pakawa.
Palipokuwa na ghala?
Pakawa na mlango.
Palipokuwa na mlango?
Pakawa na mwenye ufunguo.
Basi sogeeni motoni, na Mola atujalie masikio ya kusikia.

Hapo kale wanyama wote walikuwa na ghala moja la mbegu. Kila aliyevuna mtama alipeleka fungu lake humo, na mvua zikianza kila mmoja alipewa mbegu akapande. Mwenye ufunguo alikuwa Korongo, ndege mwenye miguu mirefu na shingo ndefu, na maneno yake, jamani, yalikuwa marefu kuliko vyote viwili.

Sasa palikuwa na desturi. Kabla ya kupanda, Korongo husimama barazani akatoa taarifa ya ghala. Akimaliza, msikilizaji mmoja huteuliwa airudishe, yaani aiseme upya kwa maneno ya nyumbani kwake, kama anavyosema na wanawe jikoni. Taarifa isiyorudishwa haikupokelewa. Desturi njema hiyo. Lakini Korongo alipoleta maneno yake makubwa, warudishaji wakaona haya. Nani akubali mbele za watu kwamba hakuelewa? Wakawa wanayarudisha vilevile walivyoyasikia, neno kwa neno, na baraza linapiga makofi. Hata mimi ningepiga, sitawadanganya.

Mwaka huo njaa ilikuwa imeshapiga hodi. Majumbani hamna punje. Tegemeo lote lilikuwa ghalani. Mvua ya kwanza ikashuka, ikashuka kweli, na siku ya tatu baraza likaitwa. Mfalme Nyati akaketi. Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akasafisha koo.

"Mfalme na wanabaraza," akasema, "kuhusu akiba ya mtama, imebainika kuwa kumejitokeza changamoto ya unyevunyevu, ambayo imepelekea mbegu kuingia katika hatua ya awali ya mabadiliko. Mchakato unaendelea kufuatiliwa."

Makofi. Paa akapiga, Ngiri akapiga, Nyani akapiga kwa mikono na kwa miguu.

Mfalme akatupa macho huku na huku, akamteua Mama Kanga arudishe. Mama Kanga akasimama, akaanza kama walivyoanza wenzake: akiba ya mtama, imebainika kuwa kumejitokeza... Hapo akawaona vifaranga wake pembeni wakidonoa mchanga mtupu. Jioni watamwuliza, mama, mbegu zipo? Naye awajibu nini, kwamba kuna mchakato?

"Bwana Korongo," akasema, "sijaelewa. Niambie tena."

Baraza likacheka. Ngiri akanong'ona, na minong'ono yake husikika bonde la pili, kwamba Kanga Mungu alimpa madoa mengi na akili kidogo. Korongo akatabasamu, akarudia yale yale, ila safari hii akaongeza "kwa kuzingatia mazingira yaliyopo" na "hatua stahiki". Makofi tena, makubwa kuliko ya kwanza.

"Bado sijaelewa," akasema Mama Kanga. "Na wewe Ngiri unayecheka, njoo urudishe wewe."

Ngiri akatazama kwato zake. Paa akatazama mawingu. Nyani akajikuna; kujikuna ni kazi yake ya kila siku, lakini leo alijikuna kwa haya. Mwisho Mfalme Nyati mwenyewe akainamisha pembe, akakiri kwamba tangu Korongo ashike ufunguo, yeye hajaelewa taarifa hata moja, ila aliogopa kuonekana mfalme mjinga.

"Basi mara ya tatu, Bwana Korongo," akasema Mama Kanga. "Niambie kama tuko jikoni. Nani alifanya nini, na mtama wetu uko vipi?"

Korongo akashusha mguu wa pili. Shingo ile ndefu ikapinda.

"Mimi sikuezeka paa la ghala," akasema. "Kiangazi chote nilisema kesho, kesho. Mvua imeingia, mtama umelowa, umeanza kuota humo humo ghalani. Niliona haya kuwaambia. Nisameheni."

Ngiri akataka kumrukia. Mama Kanga akamtangulia.

"Mizizi imetoka kiasi gani?"

"Imechungulia tu."

"Basi mbegu ziko hai. Tukizitia ardhini leo, tutakula. Tukizilaza humo, zitaoza, na sisi tutazifuata."

Weh, mngaliona mbio zile. Nyati akapasua ardhi kwa pembe. Ngiri, mwenye mdomo mrefu, akachimba kwa pua. Paa akatoboa mashimo kwa kwato zake ndogo, tobo, tobo, tobo. Kanga na wanawe wakadondosha na kufukia, wakadondosha na kufukia. Nyani peke yake alileta hoja kwamba mtama ulioota si ndio kimea, afadhali wapike pombe; wakamtia jembe mkononi, na Mungu amsamehe. Korongo akabeba mbegu kwa mdomo, anakwenda anarudi, anakwenda anarudi, na kwa kuwa mdomo umejaa, siku hiyo hakusema neno. Jua lilipotua ghala lilikuwa tupu na shamba limejaa. Wakakaa pale pale matopeni, wakicheka, mvua ya pili ikawanyeshea.

Mtama ukasimama. Wakavuna.

Baraza la mwaka uliofuata, Korongo akasimama kwa miguu yote miwili. "Nimeezeka paa la ghala," akasema. "Mtama umefika dirishani. Panya wameula pembeni. Tundu nililiona, nikachelewa kuliziba. Sasa nimeliziba."

Akaketi. Wakashangaa imekwisha. Mama Kanga akairudisha, na makofi hayakupigwa mpaka vifaranga nao walipoirudisha.

Ndiyo maana wazee wetu husema kosa ni kama mbegu iliyolowa: ukilitoa mapema, litakulisha; ukilifungia ndani, litakuozea.

Hadithi yangu naifunga, ufunguo nawaachieni. Iliyo tamu ni ya Mola, iliyochacha ni yangu. Haya, wewe uliyekuwa unasinzia hapo, irudishe.