Fulana ya Kijani

Anayetaka kumaliza gogo kubwa hahitaji radi. Shoka dogo linatosha, almuradi mkono usichoke: leo kibanzi, kesho kibanzi, mpaka siku moja wapita njia wanakuta mahali patupu na kuulizana lile gogo lilikwenda wapi. Wahenga waliliona hilo wakasema, bandu bandu huisha gogo. Wengi huitumia methali hii kumtia moyo mwenye nguvu ndogo na kazi kubwa, nao hawakosei. Lakini gogo nalo lina upande wake wa kusimulia, na upande huo Somoe binti Mfaume wa Mtoni, Temeke, aliujua vizuri.

Somoe alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha nyuzi kando ya Barabara ya Pugu. Cheo chake kilikuwa cha kuhudumia mashine za kusokota, ingawa kila mtu kiwandani alifahamu kwamba kilichomwajiri ni miguu yake. Enzi zile viwanda vilikuwa na klabu za michezo, na kiwanda hicho kilijivunia timu ya wanawake ya mbio za baiskeli iliyovaa fulana za kijani. Somoe aliingia timu hiyo akiwa msichana. Sasa alikuwa mwanamke mzima, ameolewa, ameachwa, na amerudi kwa baba yake.

Asiyeujua mchezo huu hudhani kwamba kila mwendeshaji hukimbia peke yake. Sivyo. Anayetangulia hupasua upepo kwa kifua chake, na anayejibanza nyuma ya gurudumu lake husafiri kama aliyebebwa mgongoni. Ndiyo maana kila timu humchagua mmoja wa kushinda, na wengine humtumikia. Kwa miaka yote hiyo Somoe alikuwa mtumishi. Aliwakatia wenzake upepo, akawapelekea maji, na mwishoni, mstari unapoonekana, akajitoa pembeni ili wao wapite. Walipita, wakashangiliwa, wakavishwa maua. Jina la Somoe halikuwahi kutajwa kwenye kipaza sauti hata mara moja.

Baba yake, Mzee Mfaume, kuli mstaafu wa bandarini, hakuupenda mchezo ule. Si kwamba bintiye alivaa vibaya. Somoe aliendesha na suruali ndefu, shati la mikono mirefu chini ya fulana, na kitambaa kichwani. Lililomkera mzee ni maneno ya barazani. Wenzake walimtania kwamba ana binti anayekimbizana barabarani na hajawahi kumkamata mtu. Mzee alicheka nao, kisha akarudi nyumbani na kukataa chai.

Mwaka wa tisini na tatu upepo mwingine ulivuma nchini. Mashirika ya umma yaliuzwa moja baada ya jingine, na watu wakajifunza neno jipya, kupunguzwa, ambalo awali lilihusu nguo zilizopwaya tu. Kiwanda cha nyuzi kilipata mwenye mali, na mwenye mali akamleta meneja wake, Bwana Gozbert, mtu mpole wa sauti, asiyegombana na yeyote. Huyo aliwaita wanamichezo akawaeleza kwamba klabu ni gharama. Hata hivyo alikuwa tayari kuwapa nafasi. Mbio za Mlandizi zilikuwa karibu. Kombe likija kiwandani, timu itabaki, na wanawake walioajiriwa kwa ajili ya mchezo watabaki na kazi zao. Lisipokuja, hapana haja ya kukutana tena.

Siku ileile kocha wao, Albano, alimshika Somoe mkono akamwambia kuwa mwaka huo ni wake. Alikuwa ametumikia vya kutosha. Sasa wengine wangemkatia yeye upepo. Somoe alirudi Mtoni. Usiku ule hakuweza kunyamaza, akamwambia baba yake.

Mzee Mfaume alisugua magoti yake. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, na ukungu ulizidi kila mwezi.

"Kimara Mwisho ndipo mnapomalizia?" aliuliza.

"Ndipo, baba."

"Nitakuja. Kabla macho hayajazima kabisa, nataka nikuone ukifika."

Somoe aliinama akijifanya anaokota kitu, machozi yasionekane.

Ila katika mbio zile alikuwepo Lusungu. Huyu alikuwa mwanamke wa klabu nyingine, mzaliwa wa milima ya Mbeya, mwenye mapaja kama mihimili ya nyumba. Hakuna aliyewahi kumshinda katika mbio ndefu. Wiki moja kabla ya mashindano kocha Albano aliwapima wasichana wake barabarani, akaona ambalo hakutaka kuliona. Demetria, binti mdogo aliyetoka Bukoba mwaka uliopita, alikuwa na mbio za mwishoni ambazo Somoe hakuwa nazo. Kama Lusungu angefika Kimara amechoka, Demetria angemshinda. Somoe asingeweza.

Albano alimfuata Somoe kwenye banda la baiskeli, akashindwa kuanza. Somoe alimsaidia.

"Sema tu, kocha."

"Lusungu haangushwi kwa pigo moja. Inabidi achongwe njia nzima. Uchomoke, akukimbize akupate. Uchomoke tena, akukimbize tena. Demetria ajibanze nyuma yake tu, asifanye kazi yoyote."

"Na mimi nitafikaje Kimara?"

Albano aliangalia mnyororo wa baiskeli uliokuwa mkononi mwake. "Sijui kama utafika," alisema.

Somoe aliomba apewe mpaka kesho. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimfikiria baba yake, na alipomfikiria aliona heri akatae. Kisha akawafikiria wenzake wa idara ya kusokota, walioingia kiwandani kwa mlango uleule wa miguu, kila mmoja na watoto wake. Kulipokucha akakubali. Kwa baba yake hakusema kitu. Alijiambia atamweleza baadaye, kama wasemavyo wote wanaoogopa.

Jumapili ya mbio jua liliwaka mapema. Waliondoka Ubungo kundi zima, wakapanda na kushuka hadi Mlandizi bila mtu kumsumbua mwenzake. Walipogeuza kurudi mjini, upepo wa baharini uliwapiga usoni, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Visiga, Somoe alisimama juu ya pedali akachomoka. Lusungu alikuwa mjuzi. Alifahamu kuwa mwanamke yule akiachwa aende hapatikani tena, na katika klabu yake hapakuwa na mwingine wa kumkimbiza. Akamfuata, na Demetria nyuma yake kama kupe. Lusungu alipompata, Somoe alivuta pumzi kidogo, akachomoka tena karibu na Maili Moja. Lusungu akamfuata tena. Safari hii, alipomfikia, alimtazama Somoe kwa jicho la hasira, na Somoe akaona chumvi imeanza kukauka kwenye mashavu yake.

Kiluvya alichomoka kwa mara ya tatu, na Lusungu akasita. Labda alidhani Somoe amekwisha. Labda alitaka Demetria naye afanye kazi. Somoe aligeuka akaona barabara tupu nyuma yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza katika maisha yake ya mbio kuwa mbele peke yake, hana wa kumtumikia. Watu wa pembeni walimpigia makofi. Mawazo yakamjia kwa kasi kuliko magurudumu. Akiupima mwendo, akaacha kujiunguza, akahifadhi kilichobaki miguuni, labda angefika Kimara wa kwanza. Baba yake alikuwa Kimara. Labda.

Lakini akijihifadhi yeye, Lusungu naye angepumzika, akamfikia polepole karibu na mstari akiwa na nguvu zake, na hapo angewashinda yeye na Demetria pamoja. Kazi za watu haziwekwi juu ya labda. Somoe aliinamisha kichwa, akabadili gia, akaupanda mlima wa Kibamba kama mtu anayetaka kuumaliza moyo wake kabla ya kilele. Nyuma Lusungu alishtuka akaanza kumkimbiza kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Alimpata juu kabisa. Alipompita alikuwa akihema kwa mdomo, mabega yakiyumba, na gurudumu lake halikwenda tena moja kwa moja. Demetria alipita akiwa nyuma ya Lusungu, uso wake mkavu, miguu yake mizima. Alitaka kusema neno. Somoe alimpungia mkono aende.

Kisha misuli ya mapaja ikamkaza. Alijaribu kuzungusha pedali, ikawa kama miguu ni ya mtu mwingine. Alianguka taratibu kwenye majani ya kando, baiskeli juu yake, na akabaki pale akitazama wengine wanavyopita mmoja mmoja, hata wale ambao siku zote aliwaacha mbali.

Gari la kuokota waliochoka lilimfikisha Kimara watu wakiwa wametawanyika. Aliambiwa kwamba Demetria ameshinda, tena waziwazi. Lusungu alijaribu kukimbia mwishoni miguu ikagoma. Demetria alimkumbatia Somoe akilia, akataka ashike kombe. Somoe alilishika kidogo kwa heshima akamrudishia, macho yake yakimtafuta mzee mwenye kanzu na bakora. Hakumwona.

Alimkuta Mtoni, ameketi barazani na wenzake, mgongo umenyooka kama wa kijana. Somoe alimwamkia.  Mzee aliinua mikono yake miwili akamtafuta usoni.

"Nilikuona," alisema. "Uso sikuupata, macho yenyewe unayajua, lakini fulana ya kijani niliiona. Mbele ya wote! Nikawaambia waliokuwa karibu, yule ni mwanangu."

Wazee walimpongeza Somoe kwa adabu, hata wale waliozoea kumtania baba yake. Somoe alifungua kinywa. Akautazama uso wa baba yake, akakifunga.

"Ahsante, baba," alisema, akaingia ndani.

Kombe lilikaa ofisini kwa Bwana Gozbert, na ahadi yake ikatimia kwa namna yake. Timu ilibaki. Wenzake Somoe karibu wote walibaki. Ila meneja alisema kuwa klabu mpya ni ndogo, na lazima kila abakiye awe na matokeo. Kocha Albano alimtetea Somoe mpaka sauti ikamkauka. Bwana Gozbert alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho.

"Katika mbio hizi alishika nafasi ya ngapi?" aliuliza.

"Hakumaliza, bosi, lakini..."

"Na mwaka jana?"

 Mwaka jana pia Somoe alijitoa pembeni kabla ya mstari. Na mwaka juzi. Demetria naye alikwenda kusema, naye alisikilizwa kwa upole uleule. Somoe akarudisha baiskeli, kwani ilikuwa mali ya kiwanda, akatembea kwa miguu hadi Mtoni.

Mzee Mfaume alipopata habari aliomba kanzu yake na bakora. Alitaka kwenda kiwandani siku hiyohiyo akamuulize huyo meneja ni uungwana gani wa kumfukuza mshindi, na kama hapana wa kushuhudia, yeye atashuhudia aliyoyaona. Alikwisha kufika mlangoni. Somoe alimzuia, na kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, alimwambia yote, mlima wa Kibamba na majani ya kando ya barabara.

Mzee alisikiliza amesimama. Mwisho akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo wewe hukufika?"

"Sikufika, baba."

Mzee Mfaume aliirudisha bakora mahali pake. Hakumlaumu, wala hakusema kwamba ameelewa. Jioni alikwenda barazani kama kawaida, na wenzake walipomtaja bintiye bingwa, aliwaacha waseme, akitazama upande wa barabara ambako macho yake hayakuona kitu tena. Hakuitaja tena fulana ya kijani mpaka alipofariki.

Somoe aliishi kwa kuuza vitafunio nje ya nyumba yao. Magoti yalimuuma kila mvua ilipokaribia. Wakati mwingine timu ilipita pale ikielekea Mbagala kufanya mazoezi, na Demetria alipunguza mwendo akamwamkia. Halafu akawa anapunga mkono tu. Halafu wakaja wasichana wapya ambao hawakumfahamu.

Lusungu alidhaniwa hashindiki, naye akamalizwa kwa kuchongwa kidogo kidogo toka Visiga hadi Kibamba. Aliyemchonga naye alikuwa akipungua miaka mingi, kibanzi kwa huyu, kibanzi kwa yule, mpaka pasibaki kitu cha kuitwa chake. Hakuna aliyemdhulumu kwa pigo moja, na hakuna aliyesikia kishindo. Bandu bandu huisha gogo.