Bakuli la Simba

Jua lilikausha kijito mpaka vyura wakahama. Porini kote likabaki gunia moja tu la mbegu, la mtama, nalo lilikuwa kwa Kanga. Alilitunza kwa ajili ya vifaranga wake: mvua ikinyesha apande, wale. Likipotea hilo, wanawe ndio basi tena.

Akaja Fisi, kajifunga shingoni tai ya ganda la mgomba.

"Bibi Kanga, siku hizi mimi si Fisi tu. Mimi ni Kampuni ya Fisi na Wenzake! Nipe huo mtama niupande bondeni. Tukivuna, nakurudishia magunia mawili."

"Na hao wenzako wako wapi?"

"Safarini," Fisi akajibu upesi. "Ukiwa na shaka, kamuulize Simba. Nimefanya naye biashara."

Kanga akamkimbilia jirani yake Sungura. "Simba namwogopa. Na kumpeleleza Fisi naona haya, ataniona mshamba."

"Nani kasema tupeleleze?" Sungura akacheka. "Mimi nakwenda kuazima bakuli tu."

Kwao chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hutiwa chochote, hata chumvi kidogo. Kwa hiyo ukitaka kumjua mtu, waulize waliomwazima vyombo.

Sungura akaanza kwa Nyani.

"Bakuli langu? Liko kwa Fisi tangu masika ya mwaka juzi!"

Akaenda kwa Nungunungu.

"Sufuria yangu kaichukua Fisi. Nikimdai, ananichekea."

Kisha akamkuta Simba anakunywa maji kwa kigae.

"Shikamoo, Mzee. Lile bakuli la shaba la marehemu baba yako liko wapi?"

"Mfalme haulizwi!" Simba akanguruma. Kisha akatazama kando. "Liko kwa Fisi."

"Na hukumwambia mtu?"

"Niseme nini? Kwamba mfalme mzima katapeliwa na Fisi?"

Sungura alimwonea huruma, ingawa njia nzima alicheka. Akawaita wote watatu wajifiche nyuma ya nyumba ya Kanga, halafu akaenda kwa Fisi.

"Bwana Kampuni, Kanga kakubali! Ila gunia limeliwa na mchwa, mtama unamwagika. Njoo na vyombo vyako, vyote utakavyoleta vitajazwa."

"Vyote?" Mate yakamdondoka Fisi. Hakungoja jibu.

Alifika kwa Kanga vyombo vikigongana kwa makelele: masufuria mgongoni, mabakuli kwapani, na kichwani, kama kofia, bakuli la shaba.

"Jaza, Bibi Kanga, jaza!"

Wenyewe wakatokea. Nyani akashika lake, Nungunungu akashika yake. Simba akanyoosha kiganja.

"He-he, jamani," Fisi akasema akirudi nyuma, "si ndio nilikuwa nawarudishia!"

"Vitupu?" Kanga akauliza.

Fisi alitimua mbio, akaacha hata tai. Mvua iliponyesha Kanga akapanda mtama wake, na bakuli la kwanza la mavuno alimpelekea Sungura. Simba naye tangu siku hiyo haoni aibu kusimulia kisa chake, na kila mara humalizia hivi: kuuliza si ujinga.