Jeki Huwekwa Penye Mfupa

Jeki huwekwa penye mfupa. Nimewaona mlivyotazamana leo, Bi Tulibako alipoisema methali hii kule kwa jirani aliyeunguliwa na duka. Mlidhani anazungumzia magari. Basi methali hii haikuanzia barabarani. Ilianzia kwenye ndege, tena ndege iliyokataa kupaa. Sogeeni, kisa chake ni hiki.

Huko juu Mufindi, kwenye mashamba ya chai, ambako ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi, aliishi seremala aitwaye Zefania Mgaya. Alitengeneza milango, madawati na majeneza kama maseremala wengine, lakini moyo wake ulikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya banda refu alilolijenga mwenyewe. Mle alikuwa anaunda ndege. Msicheke, wenzenu walicheka wakachoka. Ilikuwa ndege ya kweli, ya watu wawili, yenye injini, mkia na mabawa ya mbao yaliyovikwa plaiwudi. Alianza kuiunda binti yake Yusta akiwa bado anajifunza kusoma. Yusta akakua, akasomea urubani, akaanza kurusha ndege ndogo zinazopeleka madaktari vijijini, na baba bado yumo bandani anapiga randa.

Yusta hakusahau siku ya kwanza alipoingia banda lile. Alikuta mbavu za bawa zimepangwa kwenye boriti moja ndefu, kila ubavu mwembamba kama kijiti, na jua likipita katikati yake. Alishusha sauti bila kuambiwa, kama mtu aliyeingia kanisani. Hata alipokuwa rubani mkubwa, akirudi nyumbani likizo alikwenda kwanza bandani, halafu ndipo akamsalimu mama yake. Mama alinung'unika, lakini alikuwa amekwisha zoea.

Mwishowe ndege ikawa tayari, ikabaki kitu kimoja tu, propela. Wenye vitabu huiita rafadha, nasi tuiite kama mafundi wanavyoiita. Propela ni lile pangaboi la mbele linaloikamata hewa na kuivuta ndege. Sasa, propela si zote sawa. Ipo ya kupandia, ambayo huuma hewa kidogo kidogo, injini inazunguka kwa wepesi na ndege inapanda upesi. Ipo ya mbio, ambayo huuma hewa tonge kubwa kubwa. Hiyo ikiwa angani inakwenda kama mshale, lakini kuondoka chini inateseka, kama lori linaloanza mlima kwa gia ya nne.

Zefania angeweza kuchonga propela mwenyewe, maana mikono ya kazi hiyo alikuwa nayo. Lakini vijana wa kijiweni walikuwa na swali moja tu: "Mzee, itakimbia kiasi gani?" Aliulizwa hivyo mpaka mbio zikamwingia kichwani. Akaagiza propela ya mbio kutoka nje, nzuri, imepakwa vanishi inang'aa hata unaweza kujitazamia uso.

Yusta alipoiona alisita. "Baba, uwanja wetu ni mfupi. Na huku juu hewa ni nyepesi. Hii si ya viwanja virefu vya pwani?"

"Tutaruka asubuhi, hewa ikiwa ya baridi," alijibu baba. "Itashika."

Yusta alijua kwamba huenda isishike. Lakini ni nani atamkatalia mzee aliyengoja siku hiyo tangu ujana wake? Alipanda, akafunga mkanda, akawasha injini.

Kijiji kizima kilikuwa kimepanga mstari kando ya uwanja mdogo wa shamba la chai. Ndege ikakimbia, ikakimbia, mkia ukainuka, watu wakapiga vigelegele. Lakini magurudumu yalikuwa hayajaiacha ardhi. Injini ililalamika kama punda aliyezidishiwa mzigo, uwanja ukaanza kwisha, na mbele kulikuwa na miti ya shamba. Yusta akazima injini na kukanyaga breki kwa nguvu zake zote. Ndege ikatoka uwanjani, ikazama ndani ya michai na kutulia imeinama. Propela ilikuwa imekatika ncha zote mbili, mguu mmoja wa gurudumu umepinda. Yusta akatoka mwenyewe, bega likimuuma, lakini mzima.

Zefania alifika anahema. Hakuitazama ndege. Alimshika binti yake mashavu yote mawili, akamtazama, halafu akageuka akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo hakuingia tena bandani.

Hapo ndipo shida ilipoanza, wajukuu zangu, maana mguu wa ndege hunyooshwa, lakini mtu je? Zefania alikaa kwenye kiti chake sebuleni, uso kwenye ukuta. Randa zilishika kutu. Aliyeagiza mlango aliambiwa aende kwa fundi mwingine. Chakula alikigusa kwa adabu tu, kumridhisha mkewe. Majirani hawakumwacha. Walikuja kila siku na ndizi, maziwa na pole nyingi. "Pole, mzee. Wewe bado ni bingwa." "Pole, hukukosea, ni bahati mbaya tu." Kila aliposikia neno bingwa alizidi kushuka, kama mtu anayesukumwa kisimani na watu wanaompenda. Yusta aliomba ruhusa kazini akabaki nyumbani, na alichokiogopa hasa kilikuwa hiki: kwamba amenusurika yeye kwenye michai, lakini baba yake ndiye atakayekufa polepole kwenye kiti kile.

Kwa kuwa hakujua la kufanya na baba, alianza na ndege. Majirani walikuwa wameisukuma na kuirudisha bandani. Ili mguu uliopinda ufunguliwe, ilibidi ndege iinuliwe kwa jeki. Akaja Sanga, dereva wa malori ya magogo, na jeki yake, na vijana wawili wa utingo. Sanga alikuwa mtu mwema, mwenye sauti kubwa na haraka kubwa zaidi. Katika maisha yake alikuwa ameinua malori yaliyosheheni magogo kwenye tope la masika, na desturi ya madereva wa magogo ni moja: jeki inakwenda pale pasipo na tope, karibu na tairi bovu. Ukishapapata, pampu. Lori lote ni chuma.

"Kamwene, mwanangu!" alisalimia, akijilaza chini ya bawa. Akaona sehemu pana, laini, nyeupe, iliyopakwa rangi vizuri. "Hapa pamejitengenezea penyewe!" Na kabla Yusta hajafunga mkoba wa spana, alikuwa amekwisha pampu.

Kwaa!

Jeki ilikuwa imepenya plaiwudi kama kidole kinavyopenya karatasi. Bawa halikuinuka hata kidogo. Sanga alitoka chini amebadilika rangi. "Mungu wangu. Nimeua ndege ya mzee."

"Hujaiua, baba Sanga. Umechana ngozi tu." Yusta alimwita arudi chini ya bawa. "Gonga hapa kwa kifundo cha kidole. Unasikia?"

"Kama debe tupu."

"Sasa sogea. Gonga hapa."

Sanga akagonga. Sauti ikawa nzito, fupi, kama ya kugonga nguzo ya nyumba.

"Hapo ndani ndipo ilipopita boriti," alisema Yusta. "Inatoka ncha hii ya bawa mpaka ncha ile. Ndege nzima imening'inia juu yake. Pengine pote ni ngozi ya kutelezesha hewa, haibebi kitu."

Wakafunga mfuko wa mchanga mkiani ili ndege isiinamie mbele, wakaweka kipande cha ubao kilichochongwa kufuata umbo la bawa, jeki ikaingia chini ya boriti. Yusta akaanza kupampu kwa mkono mmoja. Na ile ndege, ndege nzima, yenye injini yake, mabawa yake na miaka yote ya baba yake, ikaanza kuinuka. Haikulia, haikutikisika. Gurudumu likaachana na ardhi, mwanga ukapita chini yake. Utingo waliokuwa wanatania wakasogea kutazama. Sanga alivua kofia, sijui hata kama alijua ameivua. Alikuwa ameinua vitu vingi maishani, lakini hakuwahi kuona kitu kikubwa kikikubali kuinuliwa namna ile.

Yusta alibaki amechuchumaa, mkono kwenye jeki. Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya jirani mwingine: "Pole, mzee. Usijali, wewe ni bingwa." Alitazama tundu kwenye plaiwudi, akatazama boriti. Kumbe walikuwa wanafanya kosa lile lile, bandani na sebuleni.

Alinawa mikono, akangoja mgeni aondoke, akaenda kukaa kwenye kigoda mbele ya baba yake.

"Baba, shikamoo. Sikuja kukupa pole."

Zefania hakugeuka.

"Nimekuja kuomba kazi. Nataka propela. Ya kupandia, ya uwanja mfupi na hewa yetu ya huku juu."

Kisha mzee akasema, "Nilikaribia kukuua, Yusta."

Wote waliomtembelea walikuwa wamelikimbia neno hilo. Yusta hakulikimbia. "Ndiyo, baba. Ulikaribia. Ulichagua propela ya kuwafurahisha watu wa kijiweni, nami nilijua nikakaa kimya. Tulikosea wawili."

Mabega ya mzee yalishuka, lakini safari hii kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Tafuta fundi mwingine."

"Nani? Nitajie jina lake."

Hakukuwa na jina la kutaja.

"Basi nitachonga mwenyewe," alisema Yusta. "Sanga amejitolea mbao. Anashusha mkaratusi sasa hivi."

"Mkaratusi?" Zefania aligeuka na kiti chake. "Mkaratusi! Mti unaojisokota hata ukishakufa! Wiki ya kwanza utapinda, ya pili utapasuka. Nani kamwambia Sanga mkaratusi ni mbao ya propela? Propela ni mkangazi, mkavu, wa nyuzi zilizonyooka, tena tabaka kwa tabaka na gundi. Nimeuhifadhi darini, sikuuhifadhi kwa ajili ya majeneza!" Alikuwa amesimama. Hakujua kwamba amesimama. Mama Yusta alikuwa mlangoni na bakuli la uji, akarudi jikoni kimyakimya ili asionekane analia.

Mbao za mkangazi zikashushwa kutoka darini, zikaunganishwa kwa gundi, zikabanwa na kuachwa zikauke, maana gundi haina haraka. Ndipo Zefania alipoanza kuchonga, kwanza kwa patasi, kisha randa, kisha msasa. Yusta aliyekuwa akirusha ndege kila siku alikaa pembeni akatazama kama hajapata kuona propela. Kutoka kwenye gogo la mbao bapa ulikuwa unatoka mpindo mmoja laini, mzito katikati, ukijisokota taratibu hadi kuwa mwembamba nchani, na pande mbili zikifanana kama mapacha.

Siku ya kuipima mizani, wakaiweka kwenye fimbo nyembamba ya chuma iliyopita katikati yake. Upande mmoja ukashuka polepole. Zefania akaupitishia msasa mara moja, vumbi likaanguka, haba kuliko chumvi ya mchuzi. Akairudisha. Propela ikalala sawa, haikwenda huku wala kule. Yusta alipopumua, ikasogea kwa pumzi yake, halafu ikatulia.

"Baba," alinong'ona, "inasikia."

Mzee alikuwa anafuta macho na kusingizia vumbi.

Mguu ulinyooshwa, injini ikapimwa ikaonekana nzima, tundu la plaiwudi likazibwa, mkaguzi akaja akazunguka ndege na kurunzi yake mpaka akaridhika. Asubuhi moja ukungu ulipoinuka, Yusta akafunga mkanda tena. Safari hii hapakuwa na vigelegele. Watu walisimama na mikono vinywani. Zefania alikwenda kusimama mwisho kabisa wa uwanja, pale pale palipokatika michai, na hakuna aliyethubutu kumwambia atoke.

Injini ikaunguruma kwa sauti nyingine, nyepesi, ya juu. Ndege ikakimbia, na uwanja haujafika hata nusu, magurudumu yakaiacha ardhi. Ikampita mzee juu ya kichwa, upepo wake ukamgusa na kuondoka. Ikapanda juu ya michai, juu ya miti ya shamba, mpaka tumbo lake jeupe likashika jua ambalo lilikuwa halijawafikia walio chini. Bibi mmoja alipiga magoti.

Aliposhuka na kuzima injini, Zefania alikwenda akaweka kiganja kwenye propela, ikiwa ndiyo kwanza imetulia. Sanga naye akaja, akijifuta uso kwa ile kofia.

"Mzee Mgaya, niambie jambo. Siku zote zile tulikuletea pole, hukuinua hata kichwa. Huyu kakuletea habari ya mkaratusi, ukasimama! Alikufanyia nini?"

Zefania alicheka, kwa mara ya kwanza tangu ajali. Akamvuta Sanga mpaka chini ya bawa, akagonga kile kiraka cha plaiwudi. Debe tupu.

"Pole zenu zilikuwa njema, na Mungu awabariki. Lakini ziliniingia hivi. Mlinishika pale nilipokuwa laini, nikachanika zaidi." Akasogeza mkono, akagonga penye boriti. "Huyu binti aligongagonga mpaka akapata mahali pangu panapobeba. Aliniomba kazi ninayoiweza." Akamtazama Yusta aliyekuwa anashuka kwenye bawa, mzima, anacheka. "Sanga ndugu yangu, umeinua malori maisha yako yote. Jeki huwekwa penye mfupa."